Neno na Mpaka Wake

Mkulima anapogawiwa shamba, jambo la kwanza atakalo kujua si ubora wa udongo wala wingi wa mvua, bali ni mahali shamba lake linapoanzia na mahali linapokomea. Huonyeshwa mti, jiwe au kijito, na mashahidi huwapo. Asipoonyeshwa, mwaka wa kwanza atakaa na jirani yake kwa hisani, mwaka wa pili kwa manung'uniko, na mwaka wa tatu watafikishana barazani. Neno nalo ni shamba. Lina eneo lake la maana, na eneo hilo lina mipaka. Watu watumiao neno moja bila kuafikiana juu ya mipaka yake huweza kuzungumza kutwa kucha, wakapeana mikono na kuagana kwa furaha, kumbe kila mmoja ameondoka na jambo lake.

Kazi ya kuliwekea neno mipaka ya maana huitwa kufasili. Neno lililokwisha kuwekewa mipaka kwa ajili ya elimu, sheria au kazi maalumu huitwa istilahi. Wako wadhanio kwamba kazi hiyo ni ya watunga kamusi peke yao, na kwamba mtu aulizaye "neno hili lina maana gani?" katikati ya mazungumzo ni mtu mpenda ubishi. Historia ya nchi zetu za Afrika Mashariki yatufundisha kinyume cha hayo. Yatufundisha kwamba neno lisilo na mpaka haliwi mali ya wote, bali huwa mali ya mwenye nguvu, naye hulitanua siku aipendayo na kulifinya siku aipendayo. Na tuitazame mifano michache.

Mwezi wa Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walivuka kutoka Unguja wakaingia bara kwa njia ya Saadani. Kwa muda wa majuma machache, katika nchi za Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, walikusanya hati walizoziita mikataba. Iliyo mashuhuri zaidi kwa wanafunzi wetu ni ile ya Mangungo wa Msovero, huko Usagara. Hati hiyo ilimwita Mangungo "sultani", ikataja urafiki wa milele baina yake na Peters, kisha ikasema kwamba ameitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa chama cha Wajerumani kilichoundwa kwa ajili ya kutafuta makoloni.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kana kwamba shida yote ilikuwa ni mzee mmoja asiyejua kusoma Kijerumani. Lakini tukikitazama kwa makini tutaona kwamba hata kama angesomewa kila neno, bado mtego ungekuwapo, kwa kuwa umo ndani ya maneno yenyewe. Sultani ni nani? Kwa Mzungu aliyeandika hati ile, sultani ni mtawala mwenye mamlaka kamili, awezaye kuitia nchi katika mizani na kuikabidhi kwa mwingine. Kwa desturi za watu wengi wa bara, kiongozi alikuwa mlinzi wa ardhi kwa niaba ya waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Aliweza kumpa mgeni mahali pa kujenga na kulima, ila hakuweza kuuza asichokuwa nacho. Urafiki je? Katika hati ile urafiki ulikuwa utangulizi wa unyang'anyi. Na "kutoa nchi" ni kutoa nini? Ni kumkaribisha mtu katika nchi, au ni kujitoa wewe mwenyewe humo?

Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya "ulinzi" wake. Hapa pana neno jingine lisilo na mpaka. Mtu hulindwa dhidi ya adui. Hati ile haikumpa mwenyeji nafasi ya kuuliza analindwa na nani, dhidi ya nani, na kwa muda gani.

Sayyid Barghash wa Unguja alipinga, lakini mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri yake. Yeye naye alinaswa na neno, nalo ni "milki". Katika fikira za Barghash, milki yake ilifuata njia za misafara, bendera zilizopandishwa na watu waliomtii, hata kufika pande za maziwa makuu. Waingereza na Wajerumani walikuwa na fasili nyingine, ile ya utepe wa kupimia. Kwa mapatano yao ya mwaka 1886 walimwachia visiwa, baadhi ya miji ya kaskazini, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Waliobaki nje ya maili hizo wakawa, kwa kalamu ya watu wawili wa mbali, si watu wa milki yake. Ukanda huo haukuwa jambo la siku moja. Kwa upande wa Kenya, suala lake lilikuja kufungwa kwa mapatano ya Oktoba 1963, miaka sabini na saba baadaye.

Labda msomaji atasema kwamba mifano hii ni ya hila za wageni, na kwamba mwenye manowari hakuhitaji maneno. Basi tutazame mfano ambao maneno yenyewe yalikuwa mazuri, na nia iliyotajwa ilikuwa njema, nao ni kukomeshwa kwa utumwa katika Unguja na Pemba.

Mwaka 1873 Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alikubali kufunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia usafirishaji wao baharini. Biashara ikapigwa marufuku, lakini utumwa ukabaki. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyosifiwa Ulaya kwamba imeufuta utumwa. Tuisome amri hiyo kwa jicho la mtu anayejali mipaka ya maneno. Haikusema kwamba kuanzia siku ile kila mtumwa ni mtu huru. Ilisema kwamba hali ya utumwa haitatambuliwa tena kisheria, yaani mahakama hazitamsaidia bwana anayedai kuwa fulani ni mtumwa wake. Baina ya maneno hayo mawili tofauti ni ndogo masikioni, lakini katika maisha ya watu ilikuwa kubwa kama bahari. Kwa fasili ya kwanza, mtumwa angelala mtumwa na kuamka huru. Kwa fasili ya pili, ilimpasa yeye mwenyewe aende mbele ya mahakama aombe. Mwenye kuwamiliki watu akapewa fidia, aliyemilikiwa hakupewa.

Kisha yakafuata masharti. Yeyote ambaye uhuru wake ulitambuliwa rasmi alitakiwa aonyeshe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Hebu tufikiri. Mtu aliyelima karafuu za mwingine tangu utotoni, asiye na shamba wala nyumba, aliulizwa: nyumba yako iko wapi? Wengi hawakuwa na la kujibu ila kubaki katika ardhi ya bwana yule yule na kumfanyia kazi siku kadhaa za juma ili wapate mahali pa kulala. Jina la mtumwa liliondoka, na jembe likabaki mkononi.

Tena amri hiyo ilikuwa na mlango mmoja uliofungwa kwa neno moja. Masuria hawakuhesabiwa pamoja na wale wanaoweza kuomba uhuru kama wengine. Amri iliwaweka katika hali moja na wake wa nyumbani, isipokuwa kama mmoja wao angethibitisha kuwa ametendewa ukatili. Kwa hiyo mwanamke aliyenunuliwa aliambiwa kwamba yeye si mtumwa, na kwa kuwa si mtumwa, amri ya kuwaacha huru watumwa haimhusu! Ilibidi wangoje hadi mwaka 1909, ilipotolewa amri nyingine, ndipo nao wakaingizwa katika fasili. Miaka kumi na miwili ya maisha ya wanawake hao ilimezwa na neno. Huku Tanganyika nako mambo yalikwenda kwa vipande. Wajerumani waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe ukaja kufutwa kwa sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Ndiyo kusema, katika nchi zinazotazamana kwa mwambao mmoja, mtu huyu alikuwa huru na ndugu yake si huru, kwa kutegemea neno gani liliandikwa wapi.

Tumeona maneno katika mikono ya wengine. Sasa tuyatazame yalipokuja katika mikono yetu. Baada ya Uhuru mwaka 1961, kazi ya kuyapa maneno mipaka ikawa ni kazi ya taifa lenyewe. Mfano bora kuliko yote niujuao umo katika Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Pamoja na mambo mengine lilisema kwamba kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Masharti hayo yangaliweza kuwa maneno ya kupendeza tu. Kila mtu angaliyashangilia, na kila mtu angalisema kwamba yeye si kiongozi, bali ni mtumishi mdogo wa umma. Waandishi wa Azimio walijua hivyo, wakaeleza kiongozi ni nani. Walitaja wajumbe wa Halmashauri Kuu ya Chama, mawaziri, wabunge, wakuu wa jumuiya za Chama, wakuu wa mashirika ya umma, walioteuliwa au kuchaguliwa kwa mujibu wa katiba ya TANU, madiwani, na watumishi wa serikali wa vyeo vya juu na vya kati. Hawakuishia hapo. Waliongeza katika mabano kwamba kiongozi maana yake ni mwanamume, au mwanamume na mkewe. Mwanamke, au mwanamke na mumewe.

Msomaji mwepesi aweza kuyapita mabano hayo bila kuyatazama, lakini uzito wa sharti zima umelalia humo. Bila mabano hayo, nyumba ya kupangisha ingaliandikwa jina la mke siku ya Jumatatu, na Jumanne mume angalihutubia mkutano juu ya ubaya wa unyonyaji. Fasili ile ilikwisha kuutazama mlango wa nyuma na kuufunga. Ndiyo maana ilipoonekana mwaka 1991, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM kilichofanyika Zanzibar, kwamba masharti hayo yalegezwe, ilibidi kikao kikae na kuamua upya. Mtu aweza kuunga mkono uamuzi wa 1967 au ule wa 1991, na hilo si shabaha ya insha hii. Shabaha ni kwamba neno lililofasiliwa vema halibadiliki kwa kunong'ona.

Linganisha na maneno mengine ya siku zile zile. "Bepari" ni neno la asili ya Kihindi, na maana yake ya zamani ilikuwa mfanyabiashara tu, mtu wa kuuza na kununua. Kufika wakati wa Azimio lilikuwa limekwisha kuchukua maana ya mwenye mtaji anayeneemeka kwa jasho la wengine. Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare na kuichapisha mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, msomaji aliweza kuisikia maana ya zamani na mpya zikigongana katika jina moja. Neno kubadilika si kosa, kwani lugha iliyo hai hukua. Shida huja neno linapobadilika na kuanza kutumiwa kuhukumu watu kabla ya kuwekewa mpaka. Maneno kama bepari, kabaila, kupe na mnyonyaji yalitumika kweli kueleza dhuluma ya kweli. Lakini pale yalipokosa mpaka yaligeuka mawe ya kurushia, na jiwe halichagui kati ya mwenye mashamba makubwa na mwenye duka la chumvi na viberiti.

Jambo hilo lilijitokeza wazi zaidi mwaka 1983, ilipotungwa sheria iliyojulikana na watu kwa jina la Nguvu Kazi. Nia iliyotajwa ilikuwa kwamba kila mtu mwenye uwezo afanye kazi halali. Hakuna mtu mwenye busara awezaye kuipinga nia hiyo. Lakini kazi ni nini? Je, mama aamkaye saa kumi za usiku akakanda unga na kuuza maandazi njiani, ana kazi au hana? Je, kijana ashonaye viatu chini ya mwarobaini? Kwa kuwa mpaka wa neno "kazi" haukuwa umepimwa kwa kuwatazama watu hao, wengi waliokuwa wakijitafutia riziki kwa biashara ndogondogo walijikuta wakikusanywa pamoja na wazururaji. Neno lile la mwaka 1897 lilikuwa limerudi, safari hii bila kuletwa na mgeni. Basi tusidhani kwamba uovu wa neno lisilofasiliwa hutoka nje tu. Hata serikali yenye kuwapenda watu wake yaweza kuwaumiza kwa neno moja lililoachwa wazi.

Nafahamu kwamba washairi wenzangu watauliza: je, sisi tunaoishi kwa mafumbo tufanyeje? Shairi zuri huweza kubeba maana mbili au tatu, na utamu wake ni huo. Nami nakubali. Lakini fumbo ni mchezo ambao wachezaji wote wanajua kwamba ni mchezo. Mtunzi hufumba, msikilizaji hufumbua, na hakuna anayenyang'anywa shamba. Fumbo linapovaa kanzu ya mkataba au ya amri, huwa limekwisha kuwa mtego. Tena washairi ndio watu wa kwanza kujali istilahi. Ubeti si mshororo, kina si mizani, na Sheikh Kaluta Amri Abedi aliyaeleza hayo kwa utaratibu katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kitabu cha tungo zisizofuata vina na mizani, ugomvi mkubwa ulizuka. Sehemu kubwa ya ugomvi huo ilitokana na neno "shairi" lenyewe. Upande mmoja ulilitumia kwa maana ya utungo wenye vina na mizani, upande mwingine kwa maana ya utungo wenye hisia nzito zilizopangwa kwa lugha teule. Kila upande ulishinda kwa fasili yake, na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Kiswahili chetu hakikukosa walinzi wa maneno. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, Baraza la Kiswahili la Taifa likaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981. Mwaka 2021 Bunge lilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Huo ni ushindi mkubwa, lakini umeongeza mzigo. Lugha inayosalimia na kuimba yaweza kuvumilia ulegevu. Lugha inayohukumu haiwezi. Neno letu "kosa" ni la mwanafunzi aliyekosea hesabu na ni la mtu aliyevunja sheria. Neno "haki" ni la kile ninachostahili kupewa, na ni la uadilifu wa anayetoa. Neno "uhuru" ni la nchi iliyojitoa katika kutawaliwa, na ni la mtu mmoja anayesema neno lake bila hofu. Si aibu kwa lugha kuwa na maneno kama hayo, kwani lugha zote zinayo. Lakini ni wajibu wa anayeyatumia kusema ni upande upi anaokusudia.

Na tuchukue mfano wa kila siku. Mtu akishukiwa kuiba, yeye ni mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka, ni mshtakiwa. Mahakama ikisikiliza ushahidi na kumtia hatiani, hapo tu ndipo sheria inapomwita mkosaji. Baina ya maneno hayo matatu pana polisi, mashahidi, wakili na hakimu. Umati barabarani unapopaza sauti "mwizi!" huyaruka yote matatu kwa pumzi moja, na pengine mtu hufa kabla neno halijaulizwa maana yake. Anayefundisha watoto kutofautisha maneno hayo hafundishi sarufi tu. Anaokoa roho za watu.

Fasili njema basi ni ipi? Kwanza, lisemwe neno ni la jamii gani ya vitu, kisha lisemwe ni nini kinachokitenga kitu hicho na wenzake wa jamii ile. Pili, isiwe pana hata ikaingiza visivyohusika, wala finyu hata ikaacha nje vinavyohusika, kama masuria walivyoachwa nje mwaka 1897. Tatu, isizunguke kama ng'ombe wa kinu kwa kueleza neno kwa neno lile lile, mathalani kusema kwamba kiongozi ni yule anayeongoza. Nne, na hili ndilo husahauliwa, ipimwe kwa mtu halisi. Mtunga fasili ya kazi na amweke mbele yake mama wa maandazi, kisha aulize: huyu yumo au hayumo?

Walimu wetu, mnapoandaa midahalo shuleni, msiwaruhusu wanafunzi kuanza kushindana kabla ya pande zote mbili kukubaliana juu ya maana ya maneno ya hoja. Dakika kumi zitakazotumika kwa kazi hiyo si dakika zilizopotea. Mara nyingine itagunduliwa kwamba hapakuwa na ubishi wowote; mara nyingine utagunduliwa ubishi wa kweli, uliokuwa umejificha. Nanyi vijana, mtakapokuwa makarani, mahakimu, madiwani na wabunge, mtaletewa hati mzitie sahihi. Zisomeni polepole. Mkikuta neno tamu kama urafiki, ulinzi, maendeleo au uhuru, liulizeni linaanzia wapi na kukomea wapi, nani yumo ndani yake na nani ameachwa nje. Asiyetaka kuwajibu ameshawajibu.